Kemo imekwisha, kumbukumbu haijarudi

*Wanawake wa Isiolo waliotibiwa saratani ya matiti hurudi nyumbani wakiambiwa wamepona. Kwa baadhi yao kichwa hakishiki mambo kama zamani. Ni athari inayojulikana kitabibu, ila mara nyingi hakuna anayewauliza.*

Maziwa ya ngamia huingia mjini Isiolo kwa boda na kwa magari ya mizigo, jerikeni zikiwa zimefungwa kwa kamba. Mama wa kupokea huzifungua moja baada ya nyingine. Hunusa, huonja, na akiwa na shaka huchemsha kidogo aone kama yatakatika. Kila jerikeni ina alama ya mwenyewe: kitambaa chekundu shingoni, fundo la kamba, doa la rangi. Kabla ya basi la Nairobi kuondoka, awe ameshajua ya nani yamekubaliwa, ya nani yamerudishwa, nani alichukua pesa mapema, na ni mteja gani wa Eastleigh bado ana deni la wiki iliyopita.

Wengi katika biashara hii hawaandiki. Hesabu yote iko kichwani. Ushirika wa wanawake wa Anolei, uliolitangaza jina la Isiolo kwa maziwa ya ngamia, ulikua mikononi mwa akina mama ambao kumbukumbu yao ndiyo daftari lao.

Sasa mchukue mama mmoja wa kazi hiyo, wa miaka 44, aliyerejea sokoni baada ya kutibiwa saratani ya matiti. Titi limekatwa, kidonda kimefunga, nywele zimeanza kuota. Daktari ameridhika. Lakini jerikeni ya kitambaa chekundu iko mbele yake na jina la mwenyewe halimjii. Anakosea nambari ya siri ya M-Pesa hadi simu inamkatalia. Mteja anamuuliza bei, na kabla hajajibu ameshasahau swali. Nyumbani anateleka chai na kuikumbuka harufu ya kuungua inapomfikia uani.

Mama huyu ni mfano. Hali yake si ya kubuni: madaktari wa saratani wanaijua, imepimwa, imeandikiwa, na katika baadhi ya nchi mgonjwa huelezwa kabla ya dripu ya kwanza ya kemo. Kwetu huku, anayeipata hujiona anarukwa na akili.

Wagonjwa walisema kwanza

Malalamiko haya yalianza kwa wagonjwa wenyewe, na madaktari walikawia kuyasadiki. Ilionekana ni uchovu tu, au huzuni, au umri. Mwaka wa 1998 watafiti wa Uholanzi, Frits van Dam na Sanne Schagen wakiwemo, walichapisha matokeo ya kuwapima kumbukumbu na umakini wanawake waliotibiwa saratani ya matiti. Kati ya waliopewa kemo ya kiwango kikubwa, asilimia 32 walikuwa na upungufu. Kwa waliopewa kiwango cha kawaida ilikuwa asilimia 17, na kwa ambao hawakupewa kemo kabisa, 9.

Utafiti mkubwa zaidi ulitoka Marekani mwaka wa 2017, ukiongozwa na Michelle Janelsins wa Chuo Kikuu cha Rochester. Wanawake 581 wenye saratani ya matiti walilinganishwa na 364 wasio na ugonjwa. Kufikia mwisho wa kemo, asilimia 45 ya wagonjwa walieleza kwamba uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri umeshuka. Kwa wenzao wazima ilikuwa asilimia 10. Miezi sita baadaye, wagonjwa zaidi ya mmoja kati ya watatu bado walikuwa na hali hiyo.

> Kufikia mwisho wa kemo, asilimia 45 ya wanawake walisema uwezo wa kukumbuka na kufikiri umeshuka.

Sababu ni nyingi na zimefungamana. Dawa za kemo huamsha uvimbe wa ndani kwa ndani mwilini, na kemikali zake hufika hadi kwenye ubongo. Damu hupungua. Dexamethasone, dawa inayotolewa kuzuia kutapika, huondoa usingizi. Kemo ikisimamisha kazi ya ovari, mwanamke wa miaka 38 hukoma hedhi kabla ya wakati wake, pamoja na joto la ghafla na jasho la usiku la hali hiyo. Kisha huja tembe za tamoxifen, kwa wale ambao saratani yao hulishwa na homoni, miaka mitano au hata kumi.

Wanasayansi wenyewe hawajakubaliana mzigo uwekwe wapi. Jeffrey Wefel na wenzake wa Houston walionyesha mwaka wa 2004 kwamba takriban theluthi moja ya wanawake walikuwa na upungufu kabla hata ya kuanza kemo. Hofu ya ugonjwa, kukosa usingizi, na labda saratani yenyewe, vilikuwa vimeshaanza kazi. Kwa hiyo si haki kuitupia kemo lawama yote. Ila kwa mama aliye sokoni, ubishi huo haumrudishii jina la mwenye jerikeni.

Kwanza uhai

Madaktari wasiouliza juu ya kumbukumbu nao wana hoja nzito. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yaliweka wagonjwa wapya wa saratani ya matiti nchini Kenya mwaka wa 2022 kuwa 7,243, na waliofariki 3,398. Wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshakua na kusambaa. Daktari anayeiona hali hiyo kila kliniki hutanguliza uhai, na ana haki.

Ongeza umbali. Kituo cha kemo kilicho karibu na Isiolo kiko Meru, katika hospitali ya rufaa, kama kilomita 50 ukipandia barabara ya mlimani. Mionzi ni safari nyingine: ukipelekwa Nairobi ni kilomita 285 hivi kutoka Isiolo, na atokaye Merti, ndani ya kaunti hiyohiyo, ameshakata kama kilomita 200 kabla ya kuuona mji wa Isiolo. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo si nauli tu. Ni mahali pa kulala, ni watoto kuachiwa dada, ni mbuzi kuuzwa.

Pesa nazo zina ukomo. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kiliwekwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 za ziada kutoka hazina ya magonjwa ya dharura na sugu. Familia inayohesabu ni dripu ngapi zimebaki kabla pesa za kifurushi hazijaisha haitaanza kudai mshauri wa mambo ya kumbukumbu.

Ndiyo maana kliniki ya marudio huwa fupi. Kidonda kinatazamwa, damu inapimwa, tembe zinaandikwa, tarehe inatolewa. Mgonjwa ambaye ameamka saa tisa usiku ili awahi gari hataitumia nafasi hiyo kueleza kwamba amesahau nambari ya siri. Analiona jambo dogo. Na pengine analionea haya.

Ipo hofu nyingine, nayo husemwa kwa sauti ya chini: tukiwaambia wanawake kwamba kemo huathiri kichwa, watakimbia. Wapo ambao hata sasa huanza kwa mitishamba na maombi, wakifika hospitali wamechelewa. Kwa nini kuwaongezea sababu?

Hofu hiyo naielewa, na siikubali. Habari za kemo zinawafikia wanawake kwa njia ya majirani, kwa maneno ya kutisha kuliko yale ambayo daktari angeyatumia. Tena ukweli wenyewe una faraja. Mwaka wa 2020 Lynne Wagner na wenzake, wakitumia wagonjwa wa utafiti mkubwa uitwao TAILORx, waliwalinganisha wanawake waliopewa kemo pamoja na tembe za homoni na wale waliopewa tembe peke yake. Katika mwezi wa tatu na wa sita waliopitia kemo walikuwa na hali mbaya zaidi. Kufikia mwezi wa 12 tofauti baina ya makundi hayo mawili haikuonekana tena.

Mwanamke akiambiwa hivyo mapema, anajua kwamba kwa walio wengi hali hiyo hupungua, na kwamba kuvumilia dripu ni jambo la maana. Si wote, na hilo nalo lisemwe. Utafiti wa Rotterdam wa mwaka wa 2012 uliwakuta wanawake waliotibiwa kwa wastani wa miaka 21 nyuma, na bado walikuwa na udhaifu kidogo katika kukumbuka maneno na katika wepesi wa kufikiri. Dawa walizopewa zilikuwa za kizamani, na tofauti ilikuwa ndogo. Lakini ilikuwepo.

Mbona umebadilika?

Nyumbani ndiko mambo huwa magumu. Mgonjwa akiwa na mpira wa dripu na kipara, kila mtu anaona. Jamaa wanachanga, majirani wanaleta uji, mtoto mkubwa anakoma ubishi. Nywele zikishaota, huruma nayo hupungua. Anatarajiwa kupika, kuuza, kuhudhuria harusi na matanga, kukumbuka nani alizaa lini. Akikosea anaambiwa amekuwa mzembe. Akilia anaambiwa amshukuru Mungu, wenzake wamezikwa.

Shukrani anayo. Mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa dhati na bado akashindwa kukumbuka alikoweka ufunguo.

Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na kila nyumba ina maelezo yake. Wapo watakaosema ni kijicho. Wapo watakaosema ni jini, wengine watasema ni kuwaza sana. Kwa mwanamke Mwislamu jambo huuma zaidi kwenye msala: amesimama katika sala ya alasiri na hajui yuko rakaa ya tatu au ya nne. Anarudia, anashuku, anarudia tena, hadi sala inakuwa mateso. Hapa masheikh wana msaada wa karibu kuliko hospitali. Fikihi imeshaweka njia kwa mwenye kusahau: ajenge juu ya idadi aliyo na yakini nayo, amalize, asujudu sijda mbili za kusahau. Hakuna mahali anapoambiwa imani yake imepungua. Darsa moja ya wanawake msikitini ikilitaja hili na kulihusisha na matibabu ya saratani ingewapunguzia wengi mzigo.

Pembeni ya kusahau kuna huzuni, na mara nyingi ni vigumu kujua kipi kimemzaa mwenziwe. Titi limeondoka. Hedhi imekoma na pengine alitamani mtoto mmoja zaidi. Mume yuko kimya, au ameanza kuzungumza juu ya mke wa pili. Kila maumivu ya mgongo yanamfanya aamini kwamba saratani imerudi. Mtu asiyelala kwa hofu hawezi kuwa na kumbukumbu nzuri, awe alipewa kemo au hakupewa.

> Akilia anaambiwa amshukuru Mungu, wenzake wamezikwa.

Chombo kipo

Huzuni inaweza kupimwa kwa maswali tisa tu, yale ya dodoso la PHQ-9, yanayouliza juu ya usingizi, hamu ya kula, kukata tamaa, umakini, na fikra za kujidhuru. Mwaka wa 2006 ilichapishwa tafsiri yake ya Kiswahili iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani hapahapa Kenya, wenye saratani ya kichwa na shingo. Ni miaka mingi sasa. Muuguzi anaweza kuyapitia na mgonjwa kwa muda wa kusubiri majibu ya damu.

Kupima kumbukumbu ni kazi ngumu zaidi. Vipimo vya kawaida, kama kukariri orodha ya maneno au kuunganisha nambari na herufi kwa kalamu, vilitungwa kwa watu waliokaa darasani. Ukimpa mama wa Garbatulla ambaye hakwenda shule, utapima elimu yake badala ya ubongo wake. Kwa yeye swali zuri ni la kazi yake mwenyewe: zamani ulikuwa ukikumbuka jerikeni za watu wangapi, na sasa? Binti yake au mwenzake wa sokoni aulizwe pia, kwa idhini yake.

Kuna jambo la dawa ambalo linahitaji uangalifu wa pekee. Mama akienda kituo kingine kwa ajili ya huzuni anaweza kuandikiwa fluoxetine au paroxetine. Dawa hizi mbili huzuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoxifen kuwa katika hali yake yenye nguvu. Zipo nyingine, kama venlafaxine, zisizoingilia kazi hiyo kwa kiasi cha maana. Basi anayeandika dawa lazima ajue kwamba mgonjwa anameza tamoxifen, na mgonjwa aende na pakiti zake zote mkononi. Akiwa ameshaanza mojawapo ya hizo mbili, asiache ghafla. Arudi kwa daktari ibadilishwe kwa mpango.

Kabla ya yote, yatazamwe yale yanayotibika upesi: upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyolegea, sukari, ukosefu wa vitamini B12, maumivu yanayomkosesha usingizi. Na miraa. Isiolo iko jirani na mashamba ya Nyambene, na anayetafuna ili achangamke mchana hulipa usiku.

Yanayosaidia

Hakuna tembe iliyothibitika kurudisha kumbukumbu hizi. Mafunzo yanasaidia. Australia, wanawake na wanaume 242 waliomaliza kemo, wengi wao wakiwa wagonjwa wa matiti, waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafanya mazoezi ya akili kwa kompyuta kwa wiki 15. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2017: waliofanya mazoezi waliona nafuu zaidi katika malalamiko yao, ijapokuwa kwenye vipimo vyenyewe tofauti haikuonekana. Robert Ferguson wa Marekani alichagua njia nyingine. Anamfundisha mtu kutambua saa na mahali anapokosea zaidi, kisha kujipangia namna ya kuzunguka kosa hilo na kutulia linapotokea. Mwaka wa 2016 alichapisha jaribio la wanawake 47 lililofanywa kwa video, kwa sababu wengi wa jimbo la Maine wanaishi mbali na hospitali. Wakazi wa Sericho na Oldonyiro, huku kwetu Isiolo, wataielewa sababu hiyo bila kufafanuliwa.

Mengi ya mafunzo hayo yanaweza kufanyika hata pasipo intaneti. Kazi moja imalizike kabla ya nyingine kuanzwa. Hesabu za asubuhi zifanywe asubuhi, kichwa kikiwa na nguvu, na si saa nane jua likiwa utosini. Ufunguo, simu na kadi ya kliniki viwe na mahali pamoja pasipobadilika. Tembe ziwekwe kwenye kikasha cha siku saba, na kengele ya simu ilie saa ileile. Asiyeandika ajirekodi sauti kwenye simu: ya Halima lita kumi, amelipwa nusu. Mwenzake wa ushirika awe shahidi wa hesabu kwa miezi ya mwanzo, na hilo lipangwe wazi kuliko mama kuficha hadi apoteze wateja.

Kutembea kwa miguu kila siku kunaboresha usingizi na kupunguza uchovu unaobaki baada ya kemo. Ukitoka nyumbani Bula Pesa hadi sokoni kwa miguu, umeshaanza tiba.

Nani alipie?

Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Miaka miwili baadaye Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo. Wajibu bila bajeti haumfikii mtu Merti, na kaunti yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 25,000 haiwezi kumpeleka mtaalamu wa akili kila kijiji. Wasimamizi wa afya wakisema hivyo hawasingizii.

Lakini njia ya kati ipo. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuwasikiliza wenye huzuni wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2016 lilionyesha dalili za huzuni zilipungua kwa kiasi kikubwa. Zanzibar nayo imeuchukua mpango huo. Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023, wanaoingia majumbani wakiwa na mikoba ya vifaa na simu. Isiolo wanao. Wanajua nyumba ipi ina mgonjwa aliyerudi kutoka Meru au Nairobi.

Wahudumu hao wakifundishwa kuuliza juu ya usingizi, huzuni na kusahau, na kujua wapi pa kumpeleka anayejibu ndiyo, kaunti haitakuwa imenunua mashine yoyote. Gharama ni mafunzo, posho inayolipwa kwa wakati, na muuguzi mmoja wa hospitali ya kaunti aliyepewa kazi hiyo rasmi. Naona hapo ndipo shilingi ya kwanza ingewekwa. Mbunge wa kaunti anayetafuta jambo la kulisukuma kwenye makadirio ya afya anaweza kuanzia hapo.

Usingoje tarehe

Kuna kusahau ambako si kwa athari za dawa. Saratani ya matiti inaweza kusambaa hadi kwenye ubongo, na dalili zake familia inapaswa kuzijua kwa moyo: kichwa kinachouma kila siku na kuzidi asubuhi, kutapika bila sababu, degedege, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito, au mtu kuchanganyikiwa kwa ghafla hata asijue yuko wapi. Kemo ikiwa bado inaendelea, joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi ni dharura pia, hata kama anaonekana kuchoka tu. Na anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake. Katika hali zote hizi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata ukiwa usiku, na kadi ya matibabu na pakiti za dawa ziende naye.